Swali Tuliloliuliza Mbele ya Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikimwona kijana amekumbatia karatasi za utafiti hunirudia nzima nzima. Ilikuwa miaka ya themanini. Nimekaa barazani kwa mwalimu wetu, kule Mnarani, bunda la hojaji liko mapajani, na furaha niliyokuwa nayo ni ya mtu aliyeikamilisha kazi na bado hajachoka. Hata chai niliyotiliwa niliinywa kwa maringo.

Jana umeniletea hojaji zako nizipitie, ukaniambia zimebaki kupelekwa kwa watu tu. Hilo "tu" lako ndilo lililonifanya nikuite asubuhi hii. Kaa vizuri. Mimi nikianza huwa sifupishi, wajua.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, binti wa mtaa wa Barani, Malindi, nimelelewa nikajua kusema shikamoo kabla sijajua kufunga viatu. Mwenzangu katika utafiti alikuwa Chengo, kijana wa upande wa Marafa, mcheshi, suruali yake imenyooshwa kwa pasi hata akienda shambani. Swali letu lilikuwa hili: katika vijiji viwili vya upande wa kwao, kina mama wanapoteza watoto wachanga kwa kiasi gani, na ni kwa sababu gani? Ofisi ya afya ilikuwa na uwezo wa kujenga zahanati moja pekee, na ilikwisha kumwambia mwalimu wetu kwamba itaijenga pale penye haja kubwa zaidi. Kwa hiyo, mwanangu, hatukwenda kutafuta alama za mtihani peke yake. Kuna wanawake ambao wangejifungua karibu na mkunga, au mbali naye, kwa sababu ya tutakachoandika.

Kijiji kimoja kilikuwa cha kina Chengo mwenyewe. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya kijito. Tulikwisha kuwa na nadharia tete yetu, yaani lile jibu la kukisia ambalo mtafiti hulibeba ili akalipime: kwamba kijiji cha kina Chengo, kwa kuwa kiko mbali na barabara, ndicho kinachoumia zaidi. Chengo hakuwa akikisia, yeye alikuwa na yakini. Ndiko alikozaliwa, na mazishi mengine alikuwa ameyasikia kwa masikio yake.

Tukaanzia huko kwao. Kila boma tuliloingia tulifanya kama tulivyofunzwa majumbani kwetu. Tulimtafuta mzee mwenye boma, tukamwamkia, tukaeleza tulikotoka na tunachotaka. Mzee alitutolea vigoda, akaketi nasi, kisha akaagiza wakaza wana wake waje mmoja mmoja wajibu maswali ya wageni. Nao walikuja, wakapiga magoti kando, macho chini, wakajibu. Watoto umezaa wangapi? Wako wangapi? Umewahi kupoteza? Walisema hapana, hawajapoteza. Mzee naye anatikisa kichwa kwa kuridhika, na sisi tunaandika. Baada ya hapo tunaletewa sima kwa mboga ya mtsunga, tunakula, tunashukuru, tunaingia boma la pili. Ng'ambo ya kijito nako tukafanya hivyo hivyo.

Katika boma moja niliomba kunawa mikono, nikazunguka nyuma ya jiko. Nikamkuta mwanamke mmoja, wa rika langu hasa, niliyekuwa nimemhoji muda mfupi uliopita. Tumwite Kadzo. Alikuwa ameinama, anayakamua maziwa yake mwenyewe mchangani, na leso yake imelowa kifuani. Karibu yake hakuna mtoto, wala sauti ya mtoto. Aliponiona alijifunika, akanionyesha ulipo mtungi wa maji, akaenda zake. Nami nilinawa nikarudi kwenye kigoda changu. Hojaji haikuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Basi ndiyo hiyo siku ya barazani Mnarani. Mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, lakini alikuwa na jicho ambalo likikutulia unajikagua vifungo. Alizifungua zile karatasi, akasoma moja, akasoma nyingine, akaziweka kando. Tukangoja atusifu. Akauliza, "Mliketi wapi?"

Chengo akaeleza, tena kwa fahari, jinsi tulivyoshika adabu, jinsi wazee walivyotupokea, jinsi hakuna hata boma moja lililotufukuza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mkwe alikuwapo mnapowauliza wake za wanawe habari za uzazi wao."

Chengo akasema ndiyo.

"Basi hizi ni habari za wazee," akasema. "Za hao wanawake bado hamjanipa hata moja."

Mwanangu, nilihisi uso umeniwaka moto. Maana sisi sote tulikuwa watoto wa pwani hii, na hakuna hata mmoja asiyejua kwamba mwanamke hazungumzi mambo ya tumbo lake mbele ya baba mkwe. Tulijua, na tukaenda tukawaketisha pale pale. Mgeni wa mbali angeweza kukosea kwa kutojua adabu zetu. Sisi tulikosea kwa kuzishika mno.

Akanigeukia mimi. Akaniuliza, kuna nililoliona huko ambalo hojaji haikuwa na nafasi yake? Nikamweleza habari ya yule mwanamke nyuma ya jiko. Akaniambia kwamba macho nayo ni chombo cha utafiti, na aliyeona kitu akakiacha kwa sababu karatasi haikumuuliza, huyo amefanya kazi ya karani. Neno hilo liliniuma, na lilistahili kuniuma.

Hapo Chengo akaingilia. Alikuwa na uchungu wa kweli, simlaumu. Alisema hakuna haja ya kurudi, siku zimetubana, na yeye anawajua kwa majina waliofiwa. Wengine amewasikia kwa dada yake. Tuzijaze karatasi upya tukiwa hapa hapa, na tukizidisha kidogo, nani atadhurika? Si ni zahanati tunawatafutia watu?

Mama alimtazama kwa huruma. Naona bado alivyoweka kikombe chini.

"Ukimzulia mtoto kifo, Chengo, yule aliyekufa kweli atasadikiwa na nani?"

Alituambia turudi, tena turudi kwa vijiji vyote viwili, na mbinu tutakayoitumia huku ndiyo hiyo hiyo tuitumie ng'ambo, kwani huwezi kupima huku kwa kibaba na kule kwa pishi kisha ukalinganisha. Chengo akaguna. Akaniambia njiani kwamba tunakwenda kuwanyang'anya watu wake zahanati kwa mikono yetu wenyewe.

Tulirudi. Sikumpita mzee wa lile boma kwa mlango wa nyuma. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikamwambia wazi kwamba safari hii nina maneno ya kike na ningependa kuwafuata wanawake huko shambani. Alinitazama, akainuka, akaniambia niwakute bondeni wanapalilia, Chengo akabaki naye. Wakati ule wote wa kwanza hakuwa akituzuia. Alikuwa ameketi nasi kwa sababu wageni hawaachwi peke yao.

Nikapewa jembe. Nilipalilia vibaya, nikakata mahindi, wakanicheka mpaka wakachoka. Lile swali nilikuwa nimelibadilisha kwa maelekezo ya Mama. Sikuuliza tena, "Umepoteza wangapi?" Nilimwomba kila mmoja anisimulie mimba zake, moja baada ya nyingine, tangu alipoolewa. Nao wakasimulia, kila mmoja kwa zamu yake, pembeni, nami nikinyamaza.

Kadzo alikuwa wa mwisho. Aliniuliza kwanza, "Nikikwambia, jina langu litafika wapi?"

Nikamwambia, "Litabaki kwangu. Na kama hutaki kusema, usiseme, hakuna atakayekukasirikia."

Alipalilia mstari mzima. Kisha akasema. Wa kwanza alizaliwa njiani, mvua imejaza kijito na waliombeba wamekwama, na hakulia. Wa pili alikuwa ni wa juzi juzi. Huyo alilia, akanyonya, akafa kabla hajapewa jina. Na mtoto aliyekufa kabla ya jina, huko kwao, hatajwi mbele ya wakubwa, nyumba isije ikalizwa mara mbili. Ndiyo maana pale kwenye kigoda alikuwa amesema hajapoteza. Hakuwa ametudanganya, mwanangu. Sisi ndio tulioliuliza swali mahali ambapo jibu lake halisemeki. Nililia waziwazi, na yeye ndiye aliyenipa ncha ya leso nijifute.

Tukavuka ng'ambo, tukafanya vile vile. Jembe, pembeni, mimba moja baada ya nyingine. Na tulipokaa kuyachambua majibu yote, tukakuta kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Kijiji cha kina Chengo kilikuwa kimezika watoto wengi kuliko karatasi za kwanza zilivyosema, naam. Lakini ng'ambo walizika zaidi. Nadharia tete yetu ilikuwa imeanguka.

Chengo aliondoka akaenda akasimama peke yake uani. Nilidhani atazichana karatasi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akashika kalamu, akaniambia nisome majibu na yeye ataandika. Tuliandika tulichokipata, na jinsi tulivyokipata, na jinsi tulivyokosea mara ya kwanza, na yale tusiyoweza kuyajua. Zahanati ikajengwa ng'ambo.

Mama alitufundisha pia kwamba habari ulizozichukua kwa watu huzipeleki kwa wakubwa ukakaa kimya. Unarudi kwa wenyewe. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Kadzo. Nilimkuta anatwanga. Nikamweleza yote, kwamba zahanati haiji kwao, na kwamba ni kwa sababu ya haya haya waliyonieleza kule na huku. Nilijiandaa kutukanwa. Akaacha kutwanga, mchi umesimama kinuni.

"Wangu wamo?" akauliza.

"Wamo," nikamwambia. "Wote wawili."

"Basi," akasema, akaendelea kutwanga.

Kama baadaye alizaa tena, na kama aliwahi kukivuka kile kijito akakifikia kitanda cha mkunga, sijui. Nilipangiwa kufundisha mbali, sikurudi upande ule. Ningependa sana kukwambia kwamba alipata mtoto akakua, na wewe ungefurahi kusikia, lakini sikuliona wala sikuambiwa, basi sitakuzulia. Wala Kadzo si jina lake. Lake lilibaki kwangu kama nilivyomwahidi, na hata wewe, niliyekulea, sikupi.

Sasa zichukue hojaji zako. Nimeziandika pembeni kwa penseli, utanikasirikia, haidhuru. Anza na swali moja linaloeleweka, na ulijue ni la faida kwa nani. Soma waliotangulia kuliuliza, na uwataje, kwani kuchukua neno la mtu bila kumtaja ni wizi hata kama joho lako ni la chuo kikuu. Dhana yako ibebe kama mzigo utakaoupima, siyo mzigo utakaoutetea. Lakini kabla ya kumuuliza mtu yeyote jambo lolote, tazama mmeketi wapi, na nani yupo, na kama huyo unayemuuliza ana ruhusa ya kukataa. Ukiona kitu ambacho karatasi haikuuliza, geuza karatasi uandike nyuma yake. Na siku matokeo yatakapokuja kinyume na unavyopenda, nenda uani ulie kama Chengo, kisha urudi uyaandike yalivyo.

Wako watu huko ambao hawajawahi kutajwa popote, na pengine utakuwa wewe wa kwanza kuwaandika. Mola akupe sikio la kuwasikia, akupe mkono usioongeza wala kupunguza, na akurudishe kwangu salama na kazi unayoweza kuisoma mbele ya waliokusimulia. Haya, inuka, basi la Marafa halingoji mtu.