Simu Iliyokwenda Kuposa Kwamndolwa

Mjomba wa mchumba wangu alituma neno kwamba hataki blanketi la posa. Mablanketi anayo. Alitaka simu ya kupangusa, ile isiyo na vitufe, kama aliyoiona mkononi mwa mgeni mmoja msibani. Ujumbe huo ulinikuta nyumbani Handeni, nimemaliza chuo, nasubiri ajira, na kazi yangu kubwa ikiwa ni kuwaza. Nikawaza siku nzima kwa nini mtu mzima akatae blanketi. Ni mtego? Ameambiwa kwamba nina simu ya namna hiyo? Au anaitaka tu, kama mtoto anavyotaka baiskeli?

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Baba wa mchumba wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba yao ya Kwamndolwa, kule Korogwe, iliongozwa na mjomba, na mjomba aliongozwa na shangazi. Shangazi alikuwa na mtu wake tayari, mfanyabiashara wa maharage mwenye lori, anayeshusha magunia kutoka milimani. Mjomba hakuwa ameamua. Zawadi yangu ikimridhisha, posa ingepokelewa. Isipomridhisha, binti angekwenda kwa mwenye lori.

Simu nilikuwa nayo. Ndugu wa mama aliyeko nje ya nchi alinitumia nikiwa chuoni, miaka ile ambayo Handeni nzima ungeweza kuwataja kwa majina wenye simu za kupangusa. Ilikuwa ya yale matoleo ya mwanzo kabisa: nene, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, na chini ya kioo ina kijiduara kinachozunguka ukikisukuma kwa dole gumba. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa imefungwa kwenye mtandao wa huko ilikotoka. Ukiweka laini ya hapa, inaikataa. Kwa hiyo chuoni mimi na mchumba wangu tuliitumia kupiga picha na kusikiliza muziki tu. Yeye ndiye aliyeiwekea kufuli la mchoro, lile la kuunganisha nukta kwa kidole, kwa sababu wenzake bwenini walipenda kuchungulia. Aliuchora haraka bila kuinua kidole, akanionyesha mara moja. Sikuwahi kuubadilisha. Niliogopa kwamba nikiubadilisha ataona simwamini.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Chanika, hapohapo Handeni mjini. Aliiunganisha na kompyuta yake, akaikodolea macho muda mrefu, nami nikaanza kumtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu. Mwishowe akachomeka laini yake mwenyewe, akaingiza tarakimu fulani, na mistari ya mtandao ikapanda juu ya kioo. Akapiga simu kwa mkewe, akamuuliza kama ugali umeiva, akakata.

Baada ya hapo akaikagua. Alisogeza kidole kutoka kona hadi kona kutafuta sehemu iliyokufa, akapiga picha ya kandambili zake, akafungua mfuniko wa nyuma na kuilaza betri juu ya meza ili aone kama imevimba. Alisema ni ya zamani kidogo lakini inadunda, na betri itamaliza siku kama mzee hataongea nayo sana. Nilimuuliza kama niliondoe kufuli la mchoro. Akasema hapana. Watu wazima, alisema, hawashangazwi na kitu kingine chochote kwenye simu kama hapo pa kuchora na mlango kufunguka. Niliona ni busara. Niliwaza hata sura ya mjomba itakavyokuwa.

Nyumbani nilifuta picha zetu zote, nikakagua kama zimefutika, kisha nikawaza kama mtu anaweza kugundua kwamba kuna kitu kimefutwa. Halafu nikamfundisha mshenga.

Mshenga wangu alikuwa mzee jirani, mkulima wa mahindi, aliyekwenda kuwaposea nusu ya vijana wa mtaa wetu. Kwa desturi mposaji hana mdomo. Mjomba alikuwa ameruhusu niende nionekane, ila nikae nje barazani mpaka niitwe, nisiseme neno. Kwa hiyo simu ingefunguliwa na mshenga. Alikuja kwetu, tukala, akanawa, ndipo nikamshika kidole na kukipitisha juu ya nukta. Mara ya tatu aliweza peke yake. Alicheka kwa furaha, akataka kurudia, akaweza tena. Kwamba mikono yake ilikuwa bado na majimaji ya kunawa, hilo halikunijia, mimi ambaye kila kitu kilikuwa kinanijia.

Tulifika Kwamndolwa jua limeshapanda. Nikavua viatu, nikasalimia kwa kuinama tu, nikaonyeshwa mkeka barazani, chini ya dirisha la sebule. Mshenga akaingia ndani na baba yangu mdogo. Kupitia dirishani nilisikia kila neno, na nadhani shangazi alijua hivyo, kwa sababu sauti yake ilielekea upande wangu muda wote.

Ni lazima nieleze kuhusu utani. Sisi Wazigua na wao Wasambaa tunataniana, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukwambia lolote mbele ya wakwe, nawe ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Shangazi aliijua desturi hiyo vizuri sana. Sikumsikia akitukana hata mara moja. Alitania tu.

Alianza kwa kuuliza kama tumekula njiani au Wazigua bado tunasubiri mvua ya mwaka juzi. Akauliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akasema kijana ana digrii.

"Digrii," shangazi akasema. "Na jioni huwa inakula nini?"

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, kwa kuwa ndivyo ilivyompasa.

Simu ikatolewa. Baadaye baba mdogo alinisimulia kwamba mjomba aliipima kwenye kiganja, akaigeuza, akaipeleka sikioni ikiwa imezimwa kioo, na uso ukamchangamka. Aliipenda. Hili nalirudia mara nyingi kichwani, kwamba aliipenda. Akaomba ifunguliwe aone ndani.

Mshenga akachora. Simu haikumsikia. Akachora tena kwa nguvu zaidi, na kidole kikaruka nukta moja, simu ikatetemeka kukataa. Vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote vina ngozi ngumu na kavu juu ya ngozi, na kioo kile hakikuwa kinaona mtu pale. Akajipangusa kwenye kanzu, jambo lililovikausha zaidi. Mimi nje nikaanza kuchora hewani juu ya goti langu, kana kwamba ningemsaidia.

"Mzee, unaifungua au unaikuna?" shangazi akauliza. Halafu akasema kumbe ndiyo maana Uzigua hakuishi njaa, vidole vimegeuka kwato, shamba lenyewe halivihisi. Kicheko kikawa kikubwa. Mzee wangu akacheka pia, huku akiendelea kuchora, na simu ikaendelea kutetemeka. Ikafika mahali ikamwambia asubiri. Yeye hakuweza kusoma ilichoandika. Akaendelea kusugua kioo kilichokuwa kimeshaacha kumsikiliza.

Baba mdogo akashauri niitwe niifungue. Hapo shangazi akawa mtu wa desturi. Akasema mposaji akivuka kizingiti kabla nyumba haijamwita, posa imejivunja yenyewe, na wageni wanalijua hilo kuliko yeye. Kisha akapunguza sauti, ikawa tamu.

"Binti yetu si amesoma chuo kimoja na kijana wenu? Mwiteni. Aje atufungulie."

Niliuelewa mtego kabla hajamaliza. Akiifungua, ndani ya sebule ile kila mtu angejua kwamba binti anazijua siri za simu ya mwanaume ambaye posa yake haijapokelewa, na kitakachosemwa baada ya hapo kingesemwa na shangazi. Asipoifungua, mjomba hana zawadi, na mwenye lori anasubiri. Nilitaka kusimama. Nilijiuliza kama kusimama ni kuvunja posa, au ni kukaa kimya ndiko kunakoivunja. Nilijiuliza pia kama atadhani nimepanga jambo hili. Nikiwa bado najiuliza, nikasikia hatua zake na shikamoo yake kwa wazee wangu.

Shangazi akampa simu. Akamwambia asiogope, ni chombo tu.

Mchoro ule ulikuwa wake. Mkono wake uliujua kuliko wangu. Nikasubiri kile kimlio kidogo cha kufunguka, na kwa muda mfupi sana, nakiri, nilitaka aifungue, litokee la kutokea. Simu ikatetemeka. Amekosea, nikasema moyoni, ana hofu. Ikatetemeka tena. Akangoja muda ambao simu humtaka mtu angoje, kwa utulivu, akachora tena, ikatetemeka. Mtu mwenye hofu hukosea kwa kuparaganya. Huyu alikuwa anakosea polepole, kila mara vilevile. Alikuwa anaifunga kabisa, kama simu zile zinavyojifunga zikikosewa mara nyingi.

Watu walikuwa wameacha kucheka. Mwishowe shangazi akauliza hicho kilichoandikwa kinasemaje.

"Kinataka mwenyewe aingize anwani yake ya barua pepe," mchumba wangu akasema. "Na intaneti. Hapa haitafunguka. Mimi simu hii siijui, shangazi."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Shangazi akasema basi, hata msomi wetu imemshinda. Wageni wametuletea chuma. Nadhani mjomba aliona aibu, si kwa ajili yetu, bali kwa sababu alikuwa ameonekana akitamani kitu. Alipozungumza alikuwa na hasira ya mtu aliyepewa pipi akanyang'anywa. Alisema yeye si mtoto wa kuletewa takataka za Ulaya, kwamba kijana asiye na kazi na asiye na simu hana anachoposea, na kwamba mtu wa maharage ataambiwa aje Ijumaa. Mshenga akajaribu kusema kwamba tutaitengeneza Chanika na kurudi. Mjomba akamwambia asijichoshe.

Mchumba wangu akatoka na sinia la glasi, akipeleka nyuma jikoni. Njia ilikuwa mbele ya mkeka wangu. Sikujua kama ninaruhusiwa kumtazama, nikamtazama. Alisimama kana kwamba anasawazisha glasi.

"Ningeifungua," akasema bila kuniangalia, "leo ningelala wapi?"

Akaenda. Nimeipa sentensi hiyo maana nyingi tangu siku ile. Kwamba alitulinda wote wawili kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Kwamba alikuwa ameshachagua kabla hatujafika, na simu ikampa sababu safi. Kwamba alikuwa ananiuliza kweli, akitaka jibu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikilitunga.

Mshenga akatoka. Kwa desturi yeye ndiye wa kunipa jibu, nami ilinipasa kuwa kama mtu asiyesikia chochote. Akachuchumaa mbele yangu, macho yake mekundu, akaniambia kwa upole kwamba wazee wamefurahi kutuona, wamesema twende tukajipange kidogo, mambo mazuri hayataki haraka. Nikaitikia kwa kichwa. Ulikuwa uongo wa huruma na nilikuwa tayari kurudi nao Handeni.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Mzee, usimdanganye mtoto wa watu," akasema. "Mwambie tulivyosema."

Mzee hakugeuka. Alitazama vidole vyake. Halafu akaniambia, neno kwa neno, mbele ya shangazi aliyekuwa anasikiliza kama anayemkagua mwanafunzi: kwamba posa yangu haikupokelewa, kwamba sina kazi, kwamba nimeleta chuma, kwamba binti anaolewa na mwingine. Alipofika mwisho, wote wawili wakawa wananisubiri mimi, kwa sababu mposaji akishapewa jibu huruhusiwa kufungua mdomo, na kuna kitu kimoja tu anachopaswa kusema.

Nikasimama. Nikasema asante nimesikia. Nikaenda mlangoni, nikainamisha kichwa, nikampa shangazi, ambaye sikuwa nimemwamkia tangu tufike, mikono yangu yote miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaishika mikono yangu muda mrefu, akaigeuza viganja juu, akavitazama. "Laini," akawaambia waliokuwa ndani, na mle ndani wakacheka.