Mtani Aliyeacha Kututania

Kariakoo ya utoto wangu haikuwa na wenyeji, ilikuwa na waliotangulia tu. Nimelisema hilo mara nyingi hata nimechoka, na bado watu wananiuliza asili yangu.

Baba alitoka Unyasa, ng'ambo ya mpaka, akawa seremala kwenye karakana za reli, Gerezani. Mama alikuwa Mzaramo. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo, alikuwa Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Basi akamkokota na baba humo humo kwenye utani. Alikuwa akiingia uani bila hodi, anafunua chungu, anaondoka na kitoweo chetu. "Nawaokoa," alisema. "Mla panya huyu wa Unyasa atajuaje ladha ya papa?" Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Asiyekutaka hahangaiki kukutukana namna hiyo.

Kisha miaka ya hamsini ikaelekea ukingoni. Kazi zikawa adimu, na mazungumzo ya kujitawala yakaja na swali lake: nchi hii ya nani? Kujitawala nilikutaka kama wenzangu. Ila kwenye foleni ya bombani nikaanza kusikia "watu wa kuja" ikisemwa kwa chuki, na wengi wa waliosema walishuka na treni ya juzi tu. Jirani naye akaacha kuingia uani kwetu. Akipita alitusalimu vizuri, akauliza hali, akaenda zake. Adabu ile iliniudhi kuliko matusi.

Baba akafa kwa homa ya mapafu. Kwetu msiba una mtani wake: huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, wafiwa wakacheka huku wanalia. Mama akatundika kofia ya baba kwenye msumari wa mlango wa uani, mahali ambapo mtani hawezi kuikosa. Akakaa mkekani, akangoja.

Jirani alikuja mapema. Alipika, akateka maji, akaosha masufuria yote. Kofia hakuigusa. Jioni, watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini, mama akashindwa kuvumilia.

"Mtani, mbona kimya? Umetususa?"

Yule mama akainamisha macho. "Siku hizi si kama zamani, dada. Watu watasema nawadhihaki wageni."

Mama, aliyezaliwa pale Msimbazi, aliinuka, akaichukua kofia, akaivaa mwenyewe. Akazunguka uani, bega moja chini, akinung'unika kwa sauti nzito kwamba wali hauna chumvi na hakuna anayemsikiliza nyumba hii. Alikuwa baba mtupu. Wanawake wote wakatazama chini. Nikacheka kwa nguvu, peke yangu, machozi yananitoka, kwa sababu ilibidi mtu acheke.