Mtaalamu wa Fremu Mbili

Kila Jumamosi, fundi baiskeli hajamaliza hata kufungua milango, mteja wake mmoja ameshafika, futi shingoni kama fundi cherehani. Ukutani zinaning'inia fremu mbili za chuma, zote za mbio, zote kijani, zilizoungwa na fundi huyohuyo kwa bomba lilelile. Lakini mwacheni mtaalamu afanye kazi yake. Hupima, hugonga kwa kucha, hutega sikio kama daktari. "Hii ya kushoto ina uhai zaidi, fundi." Jumamosi inayofuata uhai umeshahamia kulia.

Wiki ya saba fundi alichoka. Akazifunga zote mbili magurudumu, usukani, hadi kengele. "Kaka, zijaribu hapo nje, moja moja." Mtaalamu akaikokota ya kwanza hadi nyuma ya ukuta, akakaa huko kitambo, akarudi akiikokota. Ya pili vilevile. Fundi akatoka kuchungulia: vumbini, kila alama ya tairi ilikuwa na nyayo za viatu pembeni, kwenda na kurudi.

"Enhe?"

"Zote nzito kidogo," alisema mtaalamu, akijifuta jasho.

Fundi akaweka spana chini, akashika tandiko kwa nyuma. "Panda, kaka, nimekushika. Tuanze na hii yenye uhai."