Pale Wanapolala Mbuzi

Nilikuwa nachekecha unga wa mtama jirani aliponiambia kuwa hema la wale mabinti wapima ardhi, waliopiga kambi shambani kwetu, limeingia maji. Nilikwenda na mama mkwe. Binti mmoja alisimama kwenye tope, amekumbatia daftari kifuani.

"Shikamoo bibi. Hili likilowa, vipimo vya wiki nzima tunaanza upya."

"Marahaba," mama mkwe akaitikia. "Mbona hamkuweka hema pale mwinukoni?"

"Pana mavi ya mbuzi, bibi."

"Na mbuzi analala penye maji?"

Mabinti walitazamana. Mama mkwe alipafagia mwinukoni, akachimba mfereji kuzunguka, akatandika mabua makavu kutoka ghalani, ndipo hema likasimamishwa juu yake. Mvua iliporudi, maji yalifuata mfereji.

Nilishangaa kuwa wasomi wa ardhi hawafundishwi kutazama mbuzi wanapolala. Lakini hata mimi, miaka yote ninayowafuga, sikuwahi kujiuliza kwa nini wanapapenda pale.

Jioni nilipakua ugali na mlenda. Mama mkwe akatuhesabu: sisi watano, mabinti wawili na daftari kavu. Mbuzi nao walikuwepo wote, barazani kwangu, maana mahali pao palikuwa na wageni.