Maji ya Samaki wa Daktari Gulnar

Kwa miaka kumi na saba Nyamizi alikuwa Bibi Samaki wa serikali. Vijiji vya Shinyanga vilikuwa na Bwana Shamba wao na Bwana Mifugo wao, na yeye ndiye aliyeingia matopeni pamoja na wanavijiji, akiwafundisha kuchimba malambo na kupandikiza perege. Mwaka 1995 akapunguzwa kazini kwa barua ya mistari minne. Mumewe alikwisha kufariki, na binti yake Noela alikuwa ameolewa Kharumwa. Nyamizi akabaki peke yake Ngokolo, mjini Shinyanga, akikaanga vitumbua nje ya nyumba. Watu walimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkaba kuliko umaskini wenyewe.

Kwa hiyo Daktari Gulnar alipomwita, Juni 1997, alivaa gauni lake la ofisini na kwenda mbio mbio.

Daktari Gulnar alikuwa mama wa makamo, mwenye zahanati ya watoto karibu na soko. Kwenye chumba cha kusubiri mtoto mmoja akianza kulia, benchi zima linaitikia.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Noela. Nataka tangi kubwa la samaki ukutani pale, watoto wapate cha kutazama. Ila sina mtu wa kulihangaikia. Nataka kitu ambacho nikikisahau wiki mbili, nakikuta kizima."

Nyamizi alirudi siku ya tatu na daftari limejaa. Tangi liwe la lita mia saba, maana tangi kubwa halichafuki upesi kama dogo. Lisikae dirishani, jua litayafanya maji kuwa ya kijani. Lisimame juu ya matofali ya kuchoma, kwa kuwa likijaa litakaribia tani moja. Mashine ya kupuliza hewa isitegemewe, umeme unakatika kila siku. Badala yake iwekwe mimea ya majini, iote kwenye udongo wa lambo uliofunikwa mchanga. Chakula, pumba kidogo asubuhi; zikisahauliwa, watakula majani. Kila wiki mbili zitolewe ndoo tatu na kuingizwa tatu, za maji yaliyolala kwenye pipa ili dawa ya bomba iishe nguvu.

"Na samaki kumi," alisema.

"Kumi tu? Tangi lote hilo?"

"Ukiweka hamsini, Daktari, itabidi uajiri mtu. Kumi watajilea wenyewe."

Daktari alicheka, akakubali. Thobias, fundi wa vioo, akaliunganisha tangi. Lilivuja mara mbili, mara ya tatu likashika.

Samaki Nyamizi aliwafuata kijijini Samuye, kwenye lambo alilolichimba na wanakijiji mwaka 1984. Aliwaza atakaa ukingoni achague wazuri. Alipofika, moyo ulimshuka. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na lambo lilikuwa limebaki dimbwi la tope ambamo ng'ombe walisimama. Mageni, mkulima waliyechimba naye, alimkimbilia.

"Mayu, mama yetu, umetuletea samaki wengine?"

"Hapana," Nyamizi alisema. "Nimekuja kuchukua."

Mageni alikunja kanga yake, akaingia topeni kumsaidia. Wakapata perege ishirini wadogo. Mjini wakafika wazima kumi na mmoja.

Agosti nzima watoto walibandika pua kwenye kioo na kunyamaza. Mpango ulisema tangi halihitaji mtu, lakini Nyamizi alikuja kila asubuhi, akasimama pale dakika chache kama mtu aliyeitwa kazini.

Septemba mabomba yakakauka. Mikokoteni ya punda ikaleta maji ya visima, kisha visima navyo vikatoa tope. Watoto wakaanza kuletwa na kuhara, wengi kwa siku moja kuliko waliokuwa wakija kwa wiki. Wauguzi walifuta sakafu kwa matambara makavu.

Asubuhi moja mama mmoja kijana kutoka Kishapu, jina lake Esta, alikuwa amekaa karibu na tangi. Mwanawe alilala mapajani, macho yamezama. Esta alimtazama Nyamizi akinyunyiza pumba.

"Samahani, mama. Haya maji ni ya nani?"

"Ya samaki."

"Yote?"

Hakuuliza kwa hasira. Kama angekasirika, Nyamizi angepata la kujibu. Alisimama na pumba mkononi mpaka zikaanza kumwagika sakafuni. Kisha akabisha mlango wa daktari.

"Maji ya pipa yabaki ya kunywa tu," alisema. "Yale ya tangi yachemshwe, yatumike kuosha watoto na nguo zao."

Daktari Gulnar alishika paji la uso. "Nimeyatazama tangu juzi. Sikuweza kukwambia."

Nyamizi aliyachota mwenyewe, ndoo kwa ndoo, siku tatu. Kila ndoo ilipotoka, perege walishuka chini kidogo, wakasongamana kwenye majani. Siku ya mwisho aliwachukua kwenye beseni hadi nyumbani. Alikuwa akipata ndoo moja kwa siku, akawagawia nusu. Walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho alimkuta ubavu juu siku ya nane, akakaa chini kando ya beseni na kulia kama aliyefiwa.

Mtoto wa Esta alipona. Wawili wa benchi lile hawakupona.

Novemba mvua zilikuja, na zikaja bila huruma. Barabara zilikatika, nyumba zikaanguka. Mageni alipoleta mjukuu zahanati, alisema ukuta wa lambo la Samuye umechukuliwa na maji, umebaki mfereji tu.

"Tulijaze tena tangi?" Daktari aliuliza.

"Samaki nitawatoa wapi, Daktari?"

Wauguzi wakaanza kuhifadhi kadi za kliniki ndani ya tangi tupu.

Baada ya Krismasi Nyamizi aliiandikia ofisi yake ya zamani barua ya kuombea Samuye vifaranga vya perege, na watu wa kupima ukuta mpya. Ilimjia kwa urahisi, mpaka alipofika chini. Hakujua ajiandike nani. Alikaa na kalamu hadi mafuta ya vitumbua yakaungua jikoni. Mwishowe akaandika: Nyamizi, mkazi wa Ngokolo. Akaenda kuiposti.