Losheni ya Velma

Velma hakujua kutulia tangu utotoni, lakini mwezi ule, lo, alizidi! Akiketi anainuka, akiinuka anarudi kabatini kuchungulia chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa ya losheni. Kiwandani Changamwe anakofanya kazi, losheni ilikuwa ikifika madukani imejitenga, mafuta juu, maji chini, na wenye maduka wanairudisha kwa matusi. Velma akabuni dawa. Wanga wa muhogo, ukiutazama kwa ndani kabisa, ni nyuzi ndefu zinazopenda maji. Yeye akazipandikizia vitawi vinavyopenda mafuta. Vitawi vinazama kwenye tone la mafuta, nyuzi zinabaki majini zikilizingira, na matone hayapati nafasi ya kuungana.

Bwana Oduor, msimamizi wake, hakumficha. "Weka chupa moja kwenye joto mwezi mzima. Ikishika, wewe ndiye mkuu wa uchanganyaji. Ikijitenga, unarudi kufunga katoni."

Joto gani lishinde la nyumba yake ya mabati kule Magogoni? Akaiweka juu ya kabati nyumbani, akamwambia Mama Kache, mama mkwe wake anayeishi naye, "Mama, niangalizie hii isiharibike."

Basi raha ikamtoka. Chakula hakipiti, usingizi wa mang'amung'amu. Kila jioni chupa nyeupe pe, na hofu iko palepale. Katoni! Alikuwa amezichoka hadi mifupani.

Siku ikafika. Oduor akaja mwenyewe, akaiinua chupa kwenye mwanga. Hata chembe ya mafuta haikuelea.

"Aisee Velma, umetuokoa!"

Velma akalia kwa furaha. Mama Kache akatoka jikoni uso unang'aa.

"Si mimi, mwanangu? Kila asubuhi ukishatoka, naitikisa vizuri kama dawa ya kifua. Nilikuona huli, hulali. Nikasema isije ikakuvunja moyo."

Oduor akaitua chupa mezani. Losheni inayotikiswa kila siku huchanganyika upya; haijapimwa hata kidogo.

Velma alitaka kupiga ukelele. Akaitazama mikono ya mama mkwe wake, bado ina unga wa sima, akashindwa.

"Asante, mama," alisema. Akamgeukia Oduor. "Bosi, nipe mwezi mwingine."

Oduor alikuna kichwa. "Mmoja tu. Hakuna mwingine."

Chupa ikarudi juu ya kabati. Mama Kache akavuta kiti, akakaa akiikodolea macho.

"Sasa safari hii nifanye nini, mwanangu?"

"Usifanye lolote, mama. Tukae tu."

Na yeye mwenyewe alikuwa ameshasimama, anakwenda kuchungulia.