Weupe wa Mlima Nisioukanyaga

Swali lilikuwa fupi, na mtahini aliyeliuliza hakuwa na nia mbaya.

"Umejuaje kwamba hii ni barafu?"

Alikuwa ameweka kidole juu ya picha ya setilaiti niliyoibandika ukutani, mahali ambapo kilele cha Kilimanjaro kilionekana kama tone la maziwa juu ya meza nyeusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, ila si kwa hilo. Tasnifu yangu ilisimama juu ya picha mbili: moja ya zamani, yenye weupe mpana, na nyingine iliyopigwa miaka kadhaa baadaye, yenye weupe uliosinyaa. Nilipima ukingo wa weupe katika kila picha, nikalinganisha, nikaandika kwamba barafu ya mlima imepungua. Sikuwa nimejiuliza kama siku chache kabla ya ile picha ya kwanza theluji haikuanguka na kuufunika mwamba mtupu. Juu ya karatasi, barafu ya karne nyingi na theluji ya juzi zina weupe uleule.

Watahini wakanipa muda hadi chuo kitakapofunguliwa: nirekebishe sura ile ya tasnifu, au niisahau shahada.

Nikaenda nyumbani, Ibaba, katika milima ya Ileje. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambapo sukari na sabuni zilizungumziwa kwa sauti ya chini, kama watu wazungumzavyo habari za mgonjwa. Treni ilinishusha Tunduma asubuhi, na huko nikasubiri lori kutwa nzima, nimelikumbatia bomba la karatasi ngumu lenye picha zangu. Mwenye lori, mzee wa Kiislamu aliyehamia mpakani kutoka Tanga, alinitazama kwa mashaka.

"Kijana, umebeba bunduki?"

"Picha, mzee wangu. Za mlima Kilimanjaro."

"Maashallah. Ulipanda mpaka juu?"

"Hapana. Zimepigwa kutoka angani."

"Nani alikuwa huko angani?"

"Hakuna mtu. Ni chombo."

Akawageukia wapakiaji wake. "Mmesikia? Huyu mlima hajaupanda, na aliyempigia picha hayupo!"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Kisha nikakaa juu ya magunia ya chumvi, na njia nzima nikaitafakari kauli ile kana kwamba ingekuja katika mtihani.

Kwetu kulikuwa na desturi iliyokomazwa na miaka ile ya uhaba. Mtu aliyetoka safari hakupewa chakula kabla ya kutoa habari, na habari zenyewe alizitoa kwa mafungu: alichokiona mwenyewe na alichoambiwa. Sababu yake haikuwa falsafa. Zaidi ya mara moja wanawake wa kijiji walikuwa wamekwenda kwa miguu hadi duka la mbali kwa sababu mtu alisema sabuni imefika, kumbe naye aliambiwa na aliyeambiwa. Tangu hapo, ukisema jambo, ulikatizwa papo hapo: uliona, au uliambiwa?

Jioni ile, mbele ya mama na baba mdogo, nilitoa habari za treni, za Tunduma, za bei. Kisha baba mdogo akauliza habari za masomo.

"Ninachunguza barafu ya Kilimanjaro," nikasema. "Inapungua."

"Uliona, au uliambiwa?"

"Niliona, baba. Kwa chombo."

"Chombo chako?"

"Hapana. Cha Wamarekani."

"Basi aliyeona ni Mmarekani. Wewe umeambiwa."

"Mwache mtoto ale," mama akasema.

"Atakula. Namsaidia kupanga mafungu."

Nilizitandaza picha mkekani, karibu na koroboi. Kulikuwa na ya tatu, ambayo msimamizi wangu hakuwahi kuielewa: picha ya milima yetu. Nilimweleza kwamba nahitaji mahali ninapojua kwa hakika kuwa hapana barafu, ili nizoee sura ya mawingu. Maelezo hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Bwenini nilikuwa nikiitoa picha ile na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, bila kupima chochote.

Mama akainama. Kidole chake kikafuata utepe mweupe uliopinda pamoja na mto Songwe.

"Huu ni ukungu wa asubuhi."

"Umejuaje, mama?" Niliuliza haraka kuliko nilivyokusudia.

"Kwani huku kuna kitu gani kingine cheupe? Sabuni?"

Baba mdogo alicheka hadi akashika mbavu. Mama hakucheka sana. Alikuwa akitafuta kitu kingine.

"Kwetu kwa zamani ni wapi?"

Alimaanisha boma letu la juu ya mgongo wa mlima, tulikohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, tukashushwa kupangwa mistari kando ya barabara. Huko ndiko alikozikwa baba. Nikahesabu kutoka kwenye kona ya mto, nikaweka ncha ya kalamu. "Hapa."

"Kaburi linaonekana?"

Nukta moja ya picha ile ilimeza eneo la uwanja mzima wa mpira. Nyumba, migomba, kaburi na kijia cha kisimani, vyote vilikuwa ndani ya chembe moja ya kijivu.

"Halionekani, mama. Ila lipo hapo."

"Sasa hilo ni fungu gani?" baba mdogo akauliza, safari hii bila mzaha. "Hukuliona, na hukuambiwa."

"Nimelikadiria."

Akafikiri kidogo. "Haya. Sema hivyo basi. Kwamba umekadiria."

Wiki zilizofuata nilibaki peke yangu tangu alfajiri, wengine wakiwa shambani. Balozi wa nyumba kumi alipita mara moja kuuliza kama picha zangu zinaonyesha nani hafiki shamba la kijiji. Nilipomwambia hazionyeshi mtu yeyote, aliondoka akiwa amefarijika, nadhani, kuliko nilivyofarijika mimi. Sikuwa na mtu wa kumwambia neno theluji. Niliisoma sura ile sentensi kwa sentensi, na kila moja nikaiuliza kwa sauti, ndani ya nyumba tupu. Nilichoambiwa nikakiandika kuwa nimeambiwa. Nilichokadiria nikakiita makadirio. Lile fungu la kuona lilibaki jembamba kiasi cha kunitia hofu.

Picha ya kwanza haikuweza kusimama. Bila kujua kama theluji ilianguka, weupe wake haukuwa shahidi wa barafu, na pamoja nao ilianguka sentensi niliyoipenda kuliko zote, ile iliyosema imepungua. Ikabaki ya pili. Nikagundua kwamba theluji inaweza kuuongeza weupe, lakini haiwezi kuupunguza: basi siku ile, pale ambapo mwamba ulionekana mtupu, barafu haikuwepo. Ningeweza kusema kwamba haikuzidi mpaka fulani. Kama ilikuwa ikipungua, na niliamini ilikuwa ikipungua, angesema mwingine, atakayekuja na picha yake na kuilinganisha na mpaka wangu. Nilijaribu kujiona nimeridhika. Nilikuwa kama mtu aliyefagia nyumba akakuta fanicha zote zilikuwa za jirani.

Shahada nilipewa. Aliyeuliza swali alisoma sura mpya, akaitikia kwa kichwa, akaifunga tasnifu. Nafasi ya kwenda kuendelea na masomo ng'ambo alipewa mwenzangu ambaye matokeo yake yalikuwa na maneno imeongezeka na imepungua. Sikuweza kumlaumu yeyote.

Picha ya milima yetu nilimwachia mama. Niliporudi mwaka uliofuata niliikuta ukutani, kusini kukiwa juu, kwa sababu mlango wetu hutazama kusini na hivyo ndivyo nchi inavyojipanga ukiwa umesimama kizingitini. Pale nilipokuwa nimeweka ncha ya kalamu palikuwa na alama ndogo ya mkaa. Nilinyoosha mkono niigeuze, nikaushusha.

"Kaa," mama akasema. "Toa habari, chakula kinapoa."

Nikaanza na nilichoambiwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kingi.